Bado Hajajifungua

Sanduku la Bibi tulilifungua siku ya tatu baada ya kumzika, mimi na mama, tukiwa tumekaa sakafuni na mlango tumeuacha wazi upepo upite. Lilikuwa sanduku la bati, aina ile wanayobeba wanafunzi wa bweni, na kufuli lake lilikuwa limeshikana kwa kutu hata tukalivunja kwa nyundo. Harufu ndiyo iliyonipata kwanza. Masanduku ya bibi za watu hutoa harufu ya udi, au ya nafthalini. La Bibi yangu lilitoa harufu ya sufi iliyolowa zamani ikakaukia mahali pasipo na jua, harufu ya sweta la shule lililonyeshewa, na papo hapo nikajua kilichoko chini kabla mkono wa mama haujafika.

Mama alitoa magauni mawili, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, miwani yenye kioo kimoja na mkebe wa sindano. Kisha akatoa bunda la leso. Halikuwa limefungwa. Lilikunjwa tu, ncha juu ya ncha. Ndani mlikuwa na vipande vya mraba vya leso kuukuu, chungu nzima, kila kipande kikiwa na vitundu vidogo vya sindano pande zote nne. Katikati yake palikuwa na bonge la uzi wa sufi wa buluu, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi.

"Takataka gani hizi mama alikuwa akiziweka?" mama aliuliza, akiinua kipande kimoja kwenye mwanga.

Nilikuwa nimepewa zaidi ya miaka ishirini kulitayarisha jibu la swali hilo, na sikuwa nimelitayarisha.

Nilikuwa na miaka tisa mto ulipotoka na kukataa kurudi. Shamba letu lilikuwa chini huko, mwendo wa saa moja kutoka Garsen, na mafuriko tulikuwa tumeyazoea. Maji yalikuja, yakaloweka mashamba, yakaondoka, watu wakapanda mpunga. Yale ya mwaka ule yalikaa. Tulihamia mjini na magodoro kichwani. Baba akatupangia chumba kimoja chenye jiko la makuti kwa nyuma, jirani na duka la Mama Halima, kisha akadandia lori kwenda Malindi kutafuta kibarua. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Siku ya nne barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikafuata, na ile ya Lamu haikusubiri. Garsen ikawa kisiwa chenye maduka, na ng'ombe wa wafugaji Waorma waliojaa hadi barazani kwa watu, na sisi tusiokuwa na pa kwenda.

Ndani ya kile chumba tulikuwa watatu: mama, ambaye alikuwa mja mzito, Bibi, mamake baba, ambaye nyumba yake ya udongo iliyeyuka kwenye maji akiitazama, na mimi. Sista wa zahanati alikuja kumpima mama siku za mwanzo, akatikisa kichwa. Baada yangu mimi mama alikuwa amebeba mimba mbili, na zote mbili zilikuwa zimetoka. Sista akamwambia alale. Asiinue ndoo, asiiname, asitoke hata uani ila kwa haja. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni nikijifanya sisikilizi.

"Wewe ndiye miguu ya mama sasa. Umenisikia? Usitoke hapa."

Nilidhani ni kwa siku mbili.

Shule ilikuwa imefungwa, madarasa yamejaa familia zilizokimbia maji. Watoto wenzangu walikuwa na sikukuu isiyokwisha. Kupitia dirishani niliwaona wakishika kambare kwenye mtaro wa mbele ya duka, kwa mikono, wakipiga kelele kila samaki anapowaponyoka. Mimi nilikuwa ndani nikipepea mbu kwa kipande cha katoni. Nilililia lile dirisha, nasema kweli. Nililia kimyakimya nikiwa nimeupa ukuta uso, kwa kuwa kulia kwa sauti kungemwamsha mama, na mama akiamka angeuliza, na Bibi angejibu kabla yangu.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lenyewe. Mama na Bibi hawakuwa wakisemezana. Sababu niliijua nusu tu: siku moja kabla ya mafuriko, Bibi akiwa na hasira za chumvi iliyozidi kwenye samaki, alisema nyumba ya mwanawe haishiki mtoto, na mama alikuwa nyuma ya mlango. Sasa walikuwa wamelazwa chumba kimoja, kitanda na mkeka, umbali wa mkono, na maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Mwambie bibi yako uji uko tayari."

"Mwambie mamako nimeuona, sijapofuka."

Na mimi nasimama katikati nikirudia, neno kwa neno, kwa watu wawili waliokwisha sikiana.

Kilichoniokoa ni robota la mitumba. Mama Halima alilinunua kabla barabara hazijakatika, bila kulifungua, na alipolifungua alikuja kwetu akiwa ameshika kiuno kwa uchungu. Alikuwa Msomali mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, na Kiswahili chake alikisema anavyotaka yeye.

"Mimi nafungua, naona sweta! Sweta tupu! Sweta ya shule ya Nairobi. Garsen hapa nani navaa sweta? Walahi hata ng'ombe nakataa."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tuhamie. Akaomba aletewe machache, yale ya buluu. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka sweta zile, zilizokwaruza shingo na kunuka zikilowa. Mama alisoma bweni huko bara, na mwalimu mmoja wa huko aliwafundisha wasichana kufuma. Siku ile alikaa kitako kitandani, akatafuta mshono wa bega, akaukata kwa wembe, akavuta. Sweta likaanza kurudi kuwa uzi mbele ya macho yangu. Mkono ukaisha, kisha kifua. Tuliuosha uzi ule na kuuanika ndani ya chumba, na kwa unyevu ule haukukauka kwa siku tatu, ukatujazia chumba harufu yake. Bibi alifunika pua kwa leso. Mimi nilianza kuipenda.

Sindano tulitengeneza kwa spoku za baiskeli ya baba. Nilizinoa mwenyewe kwenye saruji ya kizingiti hadi ncha zikawa laini. Mama alinikalisha kitandani kando yake, akaniwekea mikono yake juu ya yangu.

"Tazama. Hiki ni kitanzi. Kingine kinapita ndani yake, kinashikwa. Halafu kingine. Kufuma ni mafundo tu, mwanangu, ila ni mafundo yenye adabu."

"Tunafuma nini?"

"Blanketi la ndugu yako. Wewe ndiye utakayelifuma. Mimi nitakuonyesha."

Sijui nielezeje raha niliyoipata. Mikono ilipokuwa kazini chumba kilikuwa kikubwa. Vyura waliokoroma nje, kimya cha wale wawili, kambare nisiyemshika, vyote vilisogea kando, nikabaki mimi na mstari wangu. Nikimaliza mmoja, naanza mwingine. Nilijikuta naamka asubuhi nikiwa na hamu, na hamu ilikuwa kitu nilichokuwa nimekisahau. Mishono yangu ya mwanzo ilikuwa imekaza kiasi kwamba spoku haikupita, na mama alikuwa akiniambia, legeza mkono, hakuna anayekunyang'anya.

Bibi aliyatazama hayo yote kutoka mkekani kwake. "Blanketi la sufi, Garsen," alisema, akiwa ameuelekea ukuta. "Huyo mtoto anazaliwa au anaokwa?" Kisha, labda kwa kushindana, akatoa leso zake kuukuu alizookoa kwenye maji, akazikata vipande vya mraba na kuanza kuviunga kwa sindano ya mkono. Blanketi jepesi la viraka, la watu wa joto, alisema. Kulikuwa na kipande cha leso ya mamake, kipande cha leso aliyoolewa nayo, kipande cha ile aliyombebea baba mgongoni. Maandishi ya leso yalikatika katikati, na mimi nilijua kuyasoma, kwa kiburi cha darasa la tatu, nikawa nasoma nusu za maneno kwa sauti mpaka Bibi akacheka bila kutaka. Alishona kwa mishono midogo mno, na kila mwisho wa uzi alipiga fundo, akalivuta kwa meno, akalijaribu kwa kucha. Hakuna mshono wa Bibi uliowahi kuachia.

Basi wiki zikaenda hivyo, huku sufi, huku viraka, kila mmoja akimtengenezea mtoto yuleyule blanketi bila kumtazama mwenzake.

Wageni ndio walioniletea lile neno. Wanawake wa kanisani walikuja wakiwa wameinua magauni hadi magotini kwa ajili ya maji, na kabla hawajakaa walikuwa wanauliza, "Amejifungua?" Bibi anajibu, "Bado hajajifungua." Mama Halima akipita dirishani: "Bado hajafungua?" Bado. Sista: bado. Kila siku, kutwa nzima, kila mdomo.

Sasa mimi kufungua nilikujua. Nilikuwa nimefungua milango, na makopo, na kamba za mbuzi wa Bibi nikapigwa kwa hilo. Mtu asiyejifungua ni mtu aliyefungwa, na anatakiwa kujifungua mwenyewe, na anashindwa. Mambo yote yakanikalia sawa. Ndiyo maana mama hatoki. Ndiyo maana halali ubavu mmoja, na kila akigeuka analia. Wote wanajua amefungwa na wanakuja kuuliza tu, halafu wanakunywa chai na kwenda zao, bila hata mmoja kumsaidia! Niliwachukia wageni wale. Mchana mmoja akiwa usingizini nilimpekua taratibu kutafuta kamba. Nilipata fundo la leso kifuani, nikaanza kulilegeza, akaamka na kunipiga kofi la mkononi.

"Unatafuta nini wewe?"

"Umefungwa na nini, mama?"

Alinitazama, kisha uso wake ukalainika. Akaweka mkono wangu juu ya tumbo. "Na huyu nduguyo. Akitaka yeye, ndiyo nitajifungua."

Hilo lilinichanganya zaidi. Na kama hiyo haitoshi, Bibi alikuwa amekunja pembeni kitambaa kirefu cheupe, mkaja, na nilipomuuliza ni cha nini akasema ni cha kumfunga mama tumbo akishajifungua. Yaani afunguliwe ndipo afungwe tena. Niliacha kuwauliza watu wazima kitu chochote.

Blanketi langu lilifika mwisho jioni moja, taa ya chemni ikiwa imewashwa mapema kwa sababu ya mawingu. Mama alijiinua kunionyesha namna ya kulimaliza. "Hapa ndipo pa kufunga," alisema. "Usipofunga, ukivuta kidogo tu lote linafumuka. Chukua hiki, kivushe juu ya mwenzake. Hivyo. Na kingine."

"Nikifunga halifunguki tena?"

"Ukifunga vizuri, halifunguki."

Nikafunga vizuri. Nilikaza kila mshono hadi vidole vikaniuma, na mwisho kabisa nikapiga fundo, nikaongeza la pili, na la tatu nilipiga kama Bibi, kwa meno. Mama alilitandaza juu ya tumbo lake kulipima. Likaenea kutoka upande hadi upande. Akalala nalo hivyo hivyo, na hata Bibi alilitazama muda mrefu.

Alfajiri mama aliamka na uchungu.

Mama Halima ndiye aliyetembea kwenye maji kwenda kumwita sista. Mimi nilitolewa nje hadi jikoni, na mama, huku ameng'ata midomo, alinikabidhi blanketi. "Kaa nalo. Usilichafue." Nikakaa kwenye kigogo kando ya mafiga, blanketi mapajani, na ukuta wa jiko ulikuwa wa makuti, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mwanzoni nilisikia sista akisema vizuri, vizuri mama. Kisha asubuhi ikaisha. Vizuri zikapungua. Mama alikuwa anapiga kelele mwanzoni, halafu akawa analia, halafu kukawa na muda mrefu ambao hakufanya lolote kati ya hayo mawili, na huo ndio ulionitisha kuliko yote.

Adhuhuri sista alitoka na Bibi wakasimama nyuma ya ukuta wa makuti, upande wa pili wa nilipokaa.

"Mama huyu ni wa kupelekwa Malindi," sista alisema. "Lakini tutampitisha wapi?"

"Na boti?"

"Boti iko vijijini, inaokoa watu walio juu ya mapaa. Nimetuma mtu. Mama, nitakwambia ukweli. Amechoka. Anashindwa kujifungua."

Bibi alisema, taratibu, kama mtu anayezungumza peke yake, "Kuna fundo mahali."

Najua sasa alichomaanisha. Ni msemo tu wa mtu mzima aliyeona uzazi mwingi, kwamba kuna kizuizi. Lakini mimi nilikuwa na lile fundo mapajani. Nilikuwa nimelipiga jana yake kwa meno yangu mwenyewe, mara tatu, na mama amelala nalo juu ya tumbo usiku kucha, na aliniambia mwenyewe, ukifunga vizuri halifunguki. Mimi ndiye niliyemfunga mama.

Fundo la tatu ndilo lililonishinda kulifungua. Nililing'ata, nikalivuta, sufi ikanijaa mdomoni, nikalia na kulitafuna hadi likakatika. Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi kwa namna ya kutisha. Navuta, mstari unakwenda. Navuta, mwingine. Kazi ya wiki zote zile ilikuwa inanikimbia miguuni na kuingia kwenye majivu, nami nilikuwa navuta kwa mikono miwili, naomba, fungua, fungua, fungua.

Bibi aliingia kuchukua maji ya moto. Alisimama na sufuria tupu mkononi, akautazama ule uzi.

"Umefanya nini?"

"Nimemfunga mama," nilisema. "Ni mimi, Bibi. Mama alisema ni mafundo. Na mimi nikafunga, na akalala nalo, na sasa hawezi kujifungua. Nalifungua, Bibi, usinipige, nimebakisha kidogo."

Nilikinga uso. Bibi alikuwa mwepesi wa mkono, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu aliyewahi kumvua mtoto wa jirani hirizi mbele ya mamake na kuitupa chooni. Kwake mambo ya namna hiyo yalikuwa upuuzi wa watu wasioomba. Nilingoja kofi. Badala yake nilisikia sufuria ikiwekwa chini, na nilipofunua uso alikuwa amekwisha toka.

Alirudi na blanketi lake la viraka, lililobakiza safu moja kukamilika, na wembe. Akaketi kwenye kigogo, kando yangu, akiwa amenigusa bega.

"Huku pia kuna mafundo," alisema. "Mengi. Nishikie upande huo."

Tukafumua. Alikata kila fundo kwa ncha ya wembe, nami nikawa nachomoa nyuzi. Leso ya mamake ikaachana na leso ya harusi yake. Ile aliyombebea baba ikabaki peke yake. Mishono yake ilikuwa imara kama nilivyowaambia, hakuna uliotoka kwa hiari, na kila alipokata moja alisema chini ya pumzi jina la mama. Jina lake hasa, la kuzaliwa, ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Siku zote alimwita mke wa mwanangu. Maji ya moto alikuja kuyachukua Mama Halima, akatuona, akajaza sufuria, akaondoka nayo.

Tulikuwa tumebakiza safu mbili tuliposikia mtoto akilia. Niliruka. Bibi akanishika mkono akanirudisha kigogoni.

"Kaa. Mtoto ametoka. Mamako bado hajamaliza." Na hakunyanyua kichwa mpaka fundo la mwisho lilipokatika, ndipo akauficha uso wake ndani ya vile vipande na mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama ni kilio au ni kicheko. Sikuwahi kumuuliza.

Mama alipona, ingawa sista alisema ilikuwa chupuchupu. Ndugu yangu Komora alifungwa kwenye kilemba cha Bibi alichokivua kichwani pale pale, kwa sababu hapakuwa na kingine. Na kabla sijaruhusiwa kuingia, Bibi aliniinamia, akanishika kidevu.

"Haya ya jikoni ni yangu na yako. Usimwambie mamako. Usimwambie mtu. Watu wa kanisani wakisikia nitauweka wapi uso wangu?"

Nikaapa. Mtoto wa miaka tisa anaapa bila kujua anabebeshwa nini.

Siku ya tatu mama aliulizia blanketi lake. Nilisema limeanguka kwenye maji likachukuliwa. Alinitazama kama asiyenijua. Alipopata nguvu za kusimama alinichapa miguuni kwa spoku ileile niliyoifumia, huku analia yeye mwenyewe, akisema kitu kimoja tu nilikuomba, kimoja tu. Bibi alikuwa mkekani. Alinitazama nikichapwa, akainamisha macho, akanyamaza. Nilimchukia siku ile, na chuki yangu haikuisha siku ile.

"Na lile la viraka, mama?" mama alimuuliza siku nyingine, moja kwa moja, bila kunipitishia mimi. Nadhani alikuwa ananyoosha mkono wa amani.

"Bado halijaisha," Bibi alijibu.

Halikuisha kamwe. Maji yalirudi mtoni, baba akarudi Garsen, akajenga upya juu kidogo, Komora akatambaa, akatembea, akaoa. Na kwa miaka yote hiyo mama alikuwa na sentensi moja aliyoitoa kila alipoudhiwa na Bibi: hata kiraka kimoja hakumpa mtoto wangu. Aliisema jikoni, aliisema kwa mashoga zake, alimwambia baba. Mimi nilikuwapo kila mara, mdomo umefungwa. Mara nyingi nilitaka kusema. Kisha namwona Bibi akiingia kanisani amevaa kilemba chake cheupe, mgongo umenyooka, nanyamaza. Chumba kile cha Garsen tulikihama zamani, lakini mimi nilibaki ndani yake, nimesimama kati ya kitanda na mkeka, na safari hii nina neno ambalo sina ruhusa ya kulipitisha.

Kufuma sikuacha. Ni kitu pekee kinachonituliza hadi leo, na wanangu wananicheka kwa masweta matatu yaliyolala kabatini bila kufungwa mwisho. Huwa nasema nimekosa muda.

Kwa hiyo pale sakafuni, vipande vikiwa mapajani mwa mama, nilimwambia. Nilimweleza kitanzi na fundo na wembe, nikamweleza jina lake lilivyotajwa. Mwenye siri alikuwa chini ya udongo siku ya tatu, na kama nimekosa atanisamehe. Mama alikuwa anapitisha kidole kwenye vile vitundu vya sindano, kimoja kimoja, upande mmoja wa kipande, kisha upande wa pili.

"Nilikuchapa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Kwa spoku."

"Ndiyo."

Alilia hapo. Alilia vibaya kuliko alivyolia makaburini, na niliona haya kumtazama, nikatazama mlango. Alipomaliza alijifuta kwa upande wa leso, akavuta mkebe wa sindano wa Bibi, akauchokonoa kutafuta sindano nzima. Akachukua kipande cha harusi na kile cha kumbebea baba, akavilinganisha pembe kwa pembe, vitundu juu ya vitundu. Akalamba uzi wa mkebeni, akautunga mara moja tu, bila miwani. Akauzungusha kwenye kidole cha shahada apige fundo.

Kidole kikasimama.

"Mke wa Komora," aliuliza, "ni mwezi wake wa ngapi huu?"

"Wa nane, mama."

Aliuzungusha uzi kinyume, taratibu, hadi ukatoka kidoleni umenyooka. Akairudisha sindano mkebeni. Akavipanga vipande juu ya uzi wa buluu kama tulivyovikuta, akaikunja ile leso, ncha juu ya ncha, bila kuifunga.

"Basi tungoje," alisema. "Tutashona akishajifungua."